Mkono hujiondoaje motoni kabla hatujasikia maumivu?

Mbanguaji, Newala
Habari za jioni, ndugu zangu. Juzi nilikuwa nikichoma korosho uani pamoja na mama yangu mkubwa, kiganja changu kikagusa ukingo wa karai lililokuwa limeshika moto. Mkono uliruka wenyewe, na maumivu yakaja baadaye kidogo, hata nikapiga kelele wakati hatari imekwisha kupita. Nilipokuwa kidato cha tatu tulifundishwa kwamba tendo la namna hii halingoji ubongo, nami nikaandika hivyo kwenye mtihani bila wasiwasi. Lakini jioni ileile mama mkubwa aliipua sufuria ya uji kwa kitambaa kilicholowa, akaungua vidole, na hakuiachia, kwa sababu mjukuu wake alikuwa ameketi karibu na mafiga. Aliitua taratibu, ndipo akapuliza vidole. Kama ubongo hauulizwi, ni nani aliyemzuia kuiachia?

Tabibu, Masasi
Pole kwa kuungua, ndugu Mbanguaji. Mwalimu wako hakukosea, ila alikuachia nusu ya habari.

Katika ngozi ya kiganja kuna ncha za neva zinazoamka zinapopata joto la kudhuru. Habari hiyo husafiri kwa neva ya hisi hadi kwenye kamba ya neva iliyomo ndani ya uti wa mgongo, na humo hupokelewa na neva fupi za kuunganisha, ambazo huipitisha kwa neva za mwendo zinazorudi mkononi. Msuli wa mbele ya mkono wa juu hujikaza na kiwiko hukunjika. Wakati huohuo msuli wa nyuma, ambao kazi yake ni kuunyoosha mkono, hupewa amri ya kulegea, kwa maana misuli miwili ikivutana mkono usingekwenda popote. Habari nyingine huendelea kupanda hadi kwenye ubongo, lakini safari yake ni ndefu na njiani hupokezanwa mara kadhaa. Ndiyo maana ulisikia maumivu mkono ukiwa umekwisha kuondoka.

Sasa tuje kwa mama mkubwa. Neva zilezile za mgongoni hupokea pia amri zinazoshuka kutoka kwenye ubongo, na baadhi ya amri hizo ni za kuzuia. Yeye alijua tangu awali kwamba sufuria ina moto na kwamba mtoto yuko chini, kwa hiyo kizuizi kilikuwa kimetangulia kuwekwa. Wewe karai lilikugusa bila taarifa. Mgongo hutenda bila kungoja ruhusa, lakini unaweza kukatazwa.

Mwalimu, Lindi Mjini
Ninamshukuru Tabibu, ila ninaomba wanafunzi wanaosoma hapa wasidhani kwamba kila tendo la ghafla lisilo la hiari hupitia mgongoni. Ukitoka ghalani penye giza ukakutana na jua la saa sita, mboni za macho hujifinya, na njia ya tendo hilo hupita katika shina la ubongo. Kupiga chafya kwa sababu ya moshi wa korosho ni vivyo hivyo. Ubongo unaohusika hapo ni ule wa chini, usiofikiri.

Halafu kuna goti, ambalo daktari huligonga kwa nyundo ndogo ya mpira chini ya kifuu chake. Hapo neva ya hisi hukutana na neva ya mwendo moja kwa moja, bila neva ya kuunganisha katikati, na mguu hujirusha. Wajerumani wawili, Erb na Westphal, walilieleza tendo hilo mwaka 1875, kila mmoja kwa upande wake. Jambo la misuli miwili kupokezana kukaza na kulegea lilichunguzwa kwa kina na Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1932.

Mvuvi, Mikindani
Mimi sikusoma sana, lakini nina langu. Wakati wa bamvua nilikanyaga mwiba mwambani nikiwa nimebeba tenga la pweza. Mguu wa kulia ulinyanyuka, na wa kushoto ukakakamaa kama nguzo. Huo wa kushoto uliambiwa na nani, ilhali haukuchomwa?

Tabibu, Masasi
Uliambiwa na mgongo huohuo, kaka. Habari ya mwiba huvuka upande wa pili wa ile kamba ya neva na kuamuru misuli ya kunyoosha mguu mwingine ijikaze. Bila hivyo ungeanguka na pweza wako.

Mbanguaji, Newala
Nimeelewa, ahsanteni. Limebaki moja: mbona maumivu yalikuja mara mbili, kwanza makali ya kuchoma, kisha mengine mazito yaliyodumu?

Tabibu, Masasi
Kwa sababu neva za maumivu ni za aina mbili. Zilizovikwa ala nyembamba ya mafuta hupeleka habari kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Zisizo na ala hazizidi sana mita 2. Maumivu yako mazito yalikuja kwa zile za pili.

Neva hizo zikifa, hata mgongo haupati habari. Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi anaweza kukanyaga kaa la moto na mguu ukabaki pale pale, akaja kushtuka baadaye kwa harufu au kwa kuona kidonda.