Mjadala: Je, kufunga maduka ya dawa kutamaliza usugu katika hospitali za Goma?

Wengi waliotangulia kuchangia wanasema kwamba serikali ikifunga kila duka linalouza antibiotiki (dawa za kuua bakteria) bila cheti cha daktari, bakteria sugu, yaani wasiouawa tena na dawa hizo, watatoweka hospitalini. Biashara hiyo ni hatari kweli, na siitetei. Lakini hoja yao inachukulia kwamba usugu huzaliwa upya ndani ya kila mgonjwa aliyekatiza dozi, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Mbali na kromosomu yake, yaani DNA yake kuu inayobeba maelekezo ya urithi, bakteria anaweza kubeba plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA, aghalabu chenye umbo la pete, ambacho kinaweza kubeba usugu, hujinakili na kuhamia kwa bakteria jirani, hata kama jirani huyo ni wa aina nyingine. Watafiti wa Japani walilithibitisha jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoona usugu ukihama kati ya E. koli, bakteria wa utumbo, na Shigela, bakteria wa kuhara damu. Jina hilo si geni kwetu: kuhara damu kulikofuata kipindupindu katika kambi za wakimbizi hapa Goma mwaka 1994 kulitokana na Shigela aliyekuwa sugu kwa dawa zilizozoeleka.

Jeni ziitwazo CTX-M, ambazo kwa kawaida hubebwa na plasmidi, hutengeneza kimeng'enya kinachovunja antibiotiki iitwayo seftriaksoni. Mara nyingi plasmidi hiyo hiyo hubeba pia jeni za kuishinda antibiotiki nyingine, jentamisini. Kwa hiyo mgonjwa akitibiwa kwa jentamisini peke yake, wanaosalia na kuzaana ni bakteria wenye plasmidi hiyo, na usugu dhidi ya seftriaksoni hudumu ingawa seftriaksoni yenyewe haikutumika. Ndiyo maana siamini kwamba kuzuia dawa moja moja kutatosha.

Sasa mfikirieni mtoto aliyezaliwa jana. Hajawahi kumeza kidonge chochote cha dukani, lakini bakteria sugu aitwaye Klebsiela anaweza kumfikia kwa mikono ya muuguzi anayehudumia vitanda vingi, kwa mpira wa kupitishia hewa, au kwa mlinzi wa mgonjwa aliyekosa maji ya kunawa. Katika mji ambao watu bado huchota maji ziwani kwa bidoni, hilo si jambo la kubuni.

Kwa kuwa fedha ni chache, ninashauri tuanze na maji yasiyokatika na sabuni katika kila chumba cha wagonjwa, kisha maabara inayoweza kuotesha bakteria, ili daktari ajue anapambana na nini kabla ya kubadilisha dawa kwa kubahatisha. Ukaguzi wa maduka ufuate.

Anayeona kwamba maduka yatangulie, ninamwomba atueleze kwa hoja: mtoto huyo wa siku moja atalindwaje?