Naomba ushauri: modeli mbili zinakubali data yangu ya TGA, ila nishati ya uamilishi inapishana mara mbili

Chokaa
Wakuu, heshima zenu. Utafiti wangu wa uzamili ni kuhusu kasi ya kuvunjika kwa kalsiamu kabonati kuwa oksidi na gesi ya kaboni dioksidi. Kwa TGA, yaani mashine inayopima uzito wa sampuli inapopashwa, nimepasha sampuli ya miligramu 10 ndani ya nitrojeni, kwa kasi ya nyuzi 10 kwa dakika. Uzito umeshuka asilimia 44 kama hesabu inavyotaka, kwa hiyo usafi wa sampuli haunipi wasiwasi.

Kinachonisumbua ni nishati ya uamilishi (E), yaani nishati inayohitajika ili mmenyuko uende. Kwa njia ya Coats na Redfern, inayosoma E kwenye mteremko wa mstari wa logi, modeli ya tufe linalosinyaa, inayosema mmenyuko unaanzia juu ya punje na kuingia ndani, inanipa kilojuli 190 kwa moli. Ya Jander, inayosema kasi inaongozwa na mtawanyiko, yaani vitu vinavyopenya ndani ya punje, inanipa 397. R², kipimo cha jinsi data inavyolala kwenye mstari, imepita 0.99 kwa zote. Msimamizi anataka nitaje mmenyuko unaendaje ndani ya punje. Nishike ipi, na nitajitetea vipi?

Tanuri
Mkuu, shika ya tufe usonge mbele. 190 iko jirani na namba ambazo wengi wameripoti kwa kabonati hii.

Mizani_Nyeti
Ndugu Tanuri, hapo sikubaliani nawe. Akishika modeli kwa sababu jibu lake linafanana na la wengine, kipimo chake kinakuwa hakijamwambia kitu.

Chokaa, ziandike fomula zote mbili kwenye karatasi moja. Ya tufe ni 1 − (1 − α)^(1/3), α ikiwa ni sehemu ya sampuli iliyokwisha kugeuka. Ya Jander ni hiyohiyo ikipigwa mraba. Logi ya mraba ni logi ileile mara mbili, kwa hiyo data ikinyooka kwenye ya kwanza itanyooka na kwenye ya pili, mteremko tu ndio unakaribia kuwa maradufu. Hata zile kilojuli 17 zinazozidi juu ya 380 zina asili yake: njia hii inagawanya kwa T², na mgawanyo huo haukupigwa mraba. Tofauti inayobaki ni 2RT (R ni namba thabiti ya gesi, T ni joto kwa kelvini), na kwenye kelvini 1000 hivi hiyo ni kama kilojuli 17. Yaani ukishajua 190, ile 397 unaipata bila kugusa sampuli. R² haina uwezo wa kuamua kesi hii, hata ungeifikisha 0.9999.

Mkunjo mmoja wa kasi moja ya kupasha hautoshi. Pima kwa kasi kadhaa, tuseme nyuzi 2, 5, 10 na 20 kwa dakika, kisha utafute E kwa kila kiwango cha mgeuko, kuanzia α ya 0.1 hadi 0.9, bila kudhani modeli yoyote. Njia ya Friedman ya 1964 inafaa sana. Ile ya Kissinger ya 1957 ni nyepesi, ila inatumia kilele cha kasi ya mmenyuko peke yake, kwa hiyo inakupa E moja hata pale mmenyuko una hatua mbili. Kamati ya kinetiki ya ICTAC, shirikisho la kimataifa la uchambuzi wa joto, ilitoa mapendekezo yake mwaka 2011 na msimamo ni huohuo: kasi moja haitoshi.

Dada_Maabara
Naongezea la gesi, maana kwa kabonati ndipo watu wengi wanapokwama. Mmenyuko huu unarudi nyuma. Ukiuzungushia kaboni dioksidi tupu kwa shinikizo la anga, hauanzi mpaka upite karibu nyuzi 900. Sasa piga hesabu: miligramu 10 zinatoa miligramu 4.4 za gesi, na kwenye kelvini 1000 hivi gesi hiyo inachukua kama mililita 8. Kikombe chako hakifiki hata mililita moja. Nitrojeni inapita juu, lakini chini katikati ya punje gesi imejazana na inazuia mmenyuko.

Kabla ya zile kasi nne, rudia kasi moja kwa miligramu 10, 5 na 2, unga ukiwa umetandazwa vizuri na kikombe bila kifuniko. Mkunjo ukihama kila unapopunguza uzito, unachopima ni gesi na joto vinavyosafiri ndani ya unga. Shuka mpaka utulie, hapo ndipo uanze kuongelea E.

Chokaa
Asanteni sana, hiyo ya mraba imenifungua macho. Swali la mwisho: E ikibadilika kadiri α inavyopanda, niweke wastani?

Mizani_Nyeti
Ikicheza kidogo, wastani unakubalika. Ikipanda au kushuka kwa asilimia 20 na zaidi, weka grafu nzima ya E dhidi ya α na useme wazi kuwa hatua ni zaidi ya moja. Wastani hapo utamficha msomaji jambo lenyewe.

Ikitulia, rudi sasa kwenye tufe na Jander uone ni ipi inayotoa E hiyo. Kisha tabiri mkunjo wa joto lisilobadilika, mfano nyuzi 620 kwa saa mbili, uuchore kabla ya kuupima, halafu ndiyo uwashe mashine.