MC umenivunjia heshima! Viatu vyangu vya pua bapa vimekukosea nini?

Wakuu, naandika nikiwa bado ndani ya suti. Viatu nimeviweka mezani navitazama kama mgonjwa. Nimetoka kwenye sendofu ya mpwa wangu sasa hivi, hata pilau sikumaliza.

Huyo MC mnamjua. Yule wa koti la kumetameta, kila dakika mbili "makofi kwa Mungu". Simtaji.

Naenda mbele kutoa zawadi, mimi mjomba mtu, natembea kwa heshima zangu. Anazima muziki. ANAZIMA MUZIKI! "Mjomba, simama hapo hapo. Wapambaji, meza ya keki imepatikana!" Kidole kakielekeza kwenye viatu vyangu. Ukumbi mzima hoi. Mshenga wa upande wa pili, mtu niliyembania mahari wiki mbili mpaka akatoka jasho, alicheka hadi akaomba maji. Mpiga picha kamwacha bibi harusi, kapiga magoti anapiga viatu.

Meza ya keki!

Viatu hivi nilivichagua soko la Karume mwaka 2006, mtumba wa gredi ya kwanza, ngozi tupu, soli ya kushonwa. Nimeolea, nimezikia baba navyo. Enzi hizo kama pua ya kiatu chako si bapa, wewe ni tarishi. Halafu mfalme Henry VIII wa Uingereza alichorwa na mchoraji Holbein mwaka 1537 kavaa pua pana hivi hivi, miguu kaitanua. Nani angemwambia "meza ya keki"? Kichwa kingetangulia kabla ya keki.

Yeye MC kavaa vilivyochongoka kama mdomo wa korongo. Uingereza ya 1463 angelipa faini, sheria ilikataza mtu asiye na cheo kuvaa ncha inayozidi inchi mbili. Na MC hana cheo, ana kipaza sauti tu.

Kiroboto: Nawahi siti ya mbele.

Mama Tausi: Pole kaka, ila nimecheka nimemwamsha mtoto. Weka picha tujue inakaa keki ya ngazi ngapi.

Soli Mbili: Mimi fundi viatu, niseme haki. Pua bapa vidole vinapumua, gumba halibanwi. Wa vilivyochongoka ndio wananijia wanachechemea, wanataka nivitanue. Lakini mkuu, vya miaka ile kiatu kinapita vidole kwa urefu wa kiberiti, kisha kinakatwa ghafla kama kimegonga ukuta. Mle mbele hamna mguu, mna hewa. Ukitembea mwaka mmoja pua inanyanyuka inatazama dari. Vyako vinatazama wapi?

Mjomba Mtu (mwanzisha uzi): Vinanyanyuka kidogo. Si hoja. Hoja ni kuzima muziki!

Mzee wa Kumbukumbu: Wajerumani wa zama za huyo Henry waliviita mdomo wa ng'ombe. MC kakuhurumia.

Kiroboto: 😂😂 Mjomba Mdomo wa Ng'ombe.

Mjomba Mtu: Wewe Kiroboto ndiye MC, nimekujua. Mbele ya mshenga! MEZA YA KEKI!

Kadi Singo: Bora wewe uliingia ukumbini. Mimi nimechanga laki moja, nimeandikiwa kadi ya dabo, mlangoni naambiwa "bro, hii ni singo". Mke wangu kasuka siku nzima, karudi nyumbani na bajaji. Mpaka leo hatusemeshani.

Mama Tausi: Kamati gani hiyo? Isije ikawa ile ya kwetu, mweka hazina kanunua pikipiki wiki ya harusi.

Soli Mbili: Nyie mnalilia kadi, mimi niliwekewa pilau nyama mbili. Mbili! Moja mfupa.

Kadi Singo: Na jina lako lilikuwa kwenye daftari la michango?

Soli Mbili: Elfu hamsini, na ujumbe wa muamala ninao.

Mjomba Mtu: Wakuu, turudi kwenye viatu.

Mama Tausi: Subiri kwanza kaka. Kadi Singo, nauli ya bajaji nani alilipa?