Naomba ushauri: nikope nijaze mzigo sasa, au nisubiri bei zitulie?

Wakuu, habari za mihangaiko. Nina duka la vyakula Manzese, na kinachoninyima usingizi ni mafuta ya kula na ngano. Kila nikienda Kariakoo kufunga mzigo nakuta bei mpya, na mteja akisikia anaondoka na nusu lita badala ya lita.

Afisa mikopo ananisukuma nikope sasa. Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ilishusha riba inayotumia kuzikopesha benki kutoka asilimia 7 hadi 5 ili biashara zipumue. Halafu Marekani mfumuko wa bei uligonga asilimia 9.1 Juni 2022, nao wakapandisha riba kwa kasi. Huku kwetu mwaka huo huo serikali iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwenye petroli na dizeli. Ilikuwa nafuu, ila haikuwa ya kudumu (hela ya ruzuku nayo inatoka mahali).

Hofu yangu: nikijaza stoo kwa mkopo halafu bei zishuke, nimekwisha. Wenye uzoefu, hasa mliopitia mtikisiko wa uchumi wa dunia wa 2008, mlifanyaje? Na riba isiyobadilika naweza kuidai benki?