Kazi mpya naanza Desemba, safari ya Bukoba nimeshalipia

Wakuu, shikamooni. Nimepata kazi ya uhasibu, kampuni ya mizigo hapa Dar, naripoti tarehe 1 Desemba. Tatizo: tangu Julai nimelipia ndege mimi na mama kwenda Bukoba, tarehe 20 hadi 29, na hela hairudishwi. Mama hajafika kwao miaka tisa. Mkataba sijasaini. Niseme sasa au nisubiri nizoeleke?

Jibu: Marahaba. Sema kabla ya kusaini, mdogo wangu. Mimi nilisubiri nizoeleke, bosi akadhani nimezua. Nikapewa siku mbili, tena kwa kununiwa.

Jibu: Kisheria, chini ya miezi 6 kazini huna haki ya likizo ya malipo, zile siku 28 zinakuja baadaye. Omba bila malipo, kwa maandishi, taja tarehe. Tarehe 25 na 26 ni sikukuu, kwa hiyo siku unazokosa si nyingi.

Muuliza swali: Nimempigia afisa utumishi. Kacheka, kasema nianze Januari tu, maana Desemba hata wa kunifundisha hayupo. Mshahara wa mwezi mmoja umeota mbawa, lakini mama keshafunga begi. Na bado ni Oktoba!