Mpwa wangu na umeme wa magari: chuo na fildi, uanagenzi, au gereji moja kwa moja?

anko_mbagala
Wakuu habari za jioni. Mpwa wangu kamaliza kidato cha nne, matokeo ya kawaida tu, ila kichwa chote kiko kwenye magari. Redio ya daladala ikigoma mtaani kwetu, anaitwa yeye. Anataka umeme wa magari na mlipaji ni mimi, kwa hiyo nimeanza kuzunguka. Mpaka sasa nimepata njia tatu.

Kuna chuo muda wote, kisha anapelekwa fildi, yaani mazoezi kazini, wiki kadhaa. Kuna uanagenzi: anasaini mkataba, muda unagawanywa chuoni na karakana. Halafu kuna rafiki yangu mwenye gereji mitaa ya Gerezani hapa Dar, yeye anasema "mlete kesho asubuhi, chuo ni kupoteza muda". Hii ya mwisho haina ada na ndiyo inayonivuta, nisiwafiche. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

binti_karakana
Anko shikamoo. Mimi nimepita njia ya kwanza, hapa hapa Dar. Nilipolipa mimi, ada ya kutwa ilikuwa 60,000 kwa mwaka, hapo bado ovaroli, vifaa na nauli. Darasani nilifundishwa, sitasema uongo. Shida ilikuwa fildi.

Nilipangiwa kampuni moja ina magari mengi kweli, jina naliacha. Wiki ya kwanza nilifagia. Ya pili nikawa mtu wa kutumwa chapati. Siku ya mwisho msimamizi akachukua kitabu changu cha fildi, akakilaza juu ya boneti, akasaini kurasa zote kwa mkupuo. Nyingine zilikuwa tupu. Akaniambia utajaza nyumbani. Nikajaza. Nikapata alama nzuri sana za kufungua alternata, ile inayochaji betri, ambayo sijawahi kuigusa.

fundi_keko
"Utajaza nyumbani" 😂😂 Nchi nzima tunaijua hiyo.

gereji_tabata
Ngoja nisemee upande wa sisi tunaopokea, maana lawama huwa zinatushukia wote.

Nina mafundi sita. Kila mwaka naletewa barua: "tunaomba nafasi kwa wanafunzi watatu". Basi, imeisha hapo. Haisemi kijana amefika wapi wala nimfundishe nini. Mwaka juzi alikuja mmoja mpole, ana adabu zake. Nikampa maltimita, kile kipimo cha umeme, apime volti za betri ya Toyota IST. Waya mwekundu ulikuwa bado kwenye tundu la ampea badala ya la volti, mtu aliutumia jana yake akauacha hapo. Kijana hakuangalia, akagusa vichwa vya betri. Cheche, na fyuzi ya ndani ikaenda. Sikumgombeza, hata mimi nimeshaunguza mbili. Lakini nilipompigia mwalimu wake kuuliza kama hilo wamelifundisha, nikakuta hajui hata kijana yuko kwa nani. Anachojua ni kwamba wanafunzi "wako viwandani".

Mwanagenzi nimepokea mmoja, na tofauti niliiona kabla hajafika. Tulikaa na chuo tukaandika: miezi hii stata (ya kuwashia injini) na alternata, hii taa na waya, hii vihisio (sensa) na kusoma kwa mashine kodi, yaani namba za hitilafu zinazotolewa na kompyuta ya gari. Mkataba una sahihi yangu, ya chuo na ya mzazi. Posho ndogo ipo. Mwalimu anakuja, anainama chini ya gari, anamuuliza maswali mbele yangu, na siku nyingine swali lenyewe linanishinda na mimi. Kuna mwongozo wa taifa wa uanagenzi tangu 2017, mkauombe muusome.

Hasara? Ipo. Miezi minne ya kwanza fundi wangu bora alikuwa anapoteza karibu saa nzima kila siku kwa ajili yake. Mwezi wa tano kijana akaanza kuilipa hiyo saa.

mama_mishahara
Naongezea kidogo kutoka ofisini. Mwajiri mwenye watu 10 na kuendelea analipa SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi. Zamani ilikuwa asilimia 6, ikawa inashuka hadi 3.5 mwaka 2023. Sehemu yake inakwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Ndiyo maana ukimpelekea meneja barua ya nafasi, anakujibu "mbona nimeshalipa". Sasa huyu wa Tabata mwenye mafundi sita halipi SDL, na ndiye anayekaa na mtoto chini ya gari.

gereji_tabata
Dada usiwaamshe TRA, wakusanya kodi 😅

mzee_wa_malori
Uanagenzi msiupambe sana. Mtoto wa kaka yangu aliufanya mahali penye malori ya aina moja tu. Malori yale anayajua kama mfuko wake. Alipotoka akaletewa gari dogo, Noah, akaizunguka mara mbili akaomba maji ya kunywa. Ujerumani wanakosifiwa kwa mfumo huu, kijana anakaa kazini siku tatu au nne kwa wiki na zilizobaki yuko shule, lakini mtihani wa mwisho unasimamiwa na chemba, yaani chama cha wenye biashara na mafundi, si bosi wake. Bosi asipomfundisha, kijana anafeli na watu wanajua kafelia kwa nani.

fundi_keko
Mimi ni njia ya tatu, japo useremala. Niliingia karakana za Keko nina miaka 16, kazi yangu msasa. Baada ya miaka 9 nikaenda VETA kurasimisha ujuzi: wanakupima kwa kazi ya mikono, wanakupa mafunzo mafupi pale unapopwaya, unapata cheti. Kwa hiyo anko, Gerezani siyo jela, na cheti kinaweza kuja baadaye.

Ila bosi wangu hakuwahi kunifundisha kusoma mchoro. Siyo roho mbaya, hajui. Miaka 9 nilikuwa najua anachojua yeye, basi. Meza haina kompyuta ndani, gari la sasa linayo. Huyo rafiki yako mashine ya kusomea kodi anayo, au anamkodi kijana wa jirani?

binti_karakana
Na kokote utakakompeleka anko, usiulize kampuni, uliza MTU. Nani jina lake atakaa na mtoto kuanzia asubuhi? Uliza na akiumia mkono analipiwa na nani. Wakikujibu kwa jumla jumla, ondoka.

anko_mbagala
Nimerudi. Mashine hana, anamkodi jirani 😂 fundi_keko wewe ni mganga.

Jana nilifika chuo cha VETA Chang'ombe kuulizia, kisha nikazungukia karakana tatu. Mbili wanataka kijana ila neno mkataba likawabadilisha sura. Ya tatu ni ya mama mmoja, anatengeneza bajaji na magari madogo. Nilipomuuliza nani atakaa naye, hakujibu. Aliita "Babu!", akatoka mzee mmoja na miwani imefungwa kwa waya wa shaba. Mzee akamuuliza mpwa wangu alifunguaje redio za daladala. Wakaongea wao wawili kama dakika ishirini, mimi nimesimama tu.

gereji_tabata, nakuja PM unisaidie ile orodha ya miezi. Huyu mama kasema hajawahi kuandikiana na chuo, lakini akiletewa karatasi ataisoma.

gereji_tabata
Njoo. Na mwambie kijana aangalie tundu la ampea.