Mhusika mkuu wa gemu yangu aongee kwa sauti ama abaki kimya? Nimekwama

fundi_wa_Roysambu
Wadau, niaje. Naomba ushauri kabla sijakosana na binamu yangu.

Natengeneza gemu ya kuigiza uhusika, ya simu, Kiswahili mwanzo mwisho. Niko peke yangu, usiku baada ya kazi. Mchezaji ni mtu wa bodaboda anayemtafuta ndugu yake aliyepotea, kuanzia Githurai hadi Gikomba. Unachagua jina, unachagua kuwa mwanamume ama mwanamke, na kwenye kila mazungumzo unachagua jibu. Maneno ya mhusika mkuu peke yake ni sentensi kama 1,900.

Mwanzo yalikuwa maandishi tu. Halafu nikarudia gemu ya The Witcher 3, nikasikia vile mhusika wake mkuu, Geralt, akiguna tu unajua amechoka na nani amemchosha. Nikasema wangu pia ataongea. Nikamwita binamu, ana sauti nzito, ndiye husoma matangazo kanisani. Tukarekodi ndani ya kabati la nguo, blanketi mbili zimening'inia, simu juu ya boksi la viatu. Tulingoja saa saba usiku ndio matatu za Thika Road zipungue. Hazikupungua. Kuna sentensi moja, "Ndugu yangu hajarudi", tumeirudia mara kumi na moja na zote zina honi.

Tumefika sentensi 300. Lakini honi si shida. Nilimpa rafiki acheze, dakika kumi hazijaisha akaniuliza, "Huyu jamaa anaongea vizuri, sasa mimi kazi yangu ni gani?" Niendelee ama nifute?

bonyeza_mraba
Yaliyokukuta yalikuta wakubwa. Kwa gemu za Fallout 3 na New Vegas ulikuwa unasoma jibu lako lote kabla ya kulichagua, na mhusika wako hana sauti. Mwaka 2015 Fallout 4 ikaja na waigizaji wawili wa sauti ya mhusika mkuu, Brian T. Delaney na Courtenay Taylor, kila mmoja amerekodi zaidi ya mistari 13,000. Waigizaji hawakuwa na makosa. Shida ilikuwa machaguo: manne, kila moja maneno machache tu. Mimi nilibonyeza la kejeli nikijua nitatania kidogo, kumbe nimemtusi mtu niliyekuwa nakaribia kumwomba msaada. Nikazima gemu nikaenda kupika.

Hata ukiandika sentensi nzima, mtego uko palepale. Mchezaji ameshaisoma, kisha anakaa kusikiliza kitu kilekile kikisomwa tena. Ndiyo sababu wanafupisha. Gemu ya Starfield ilipotoka 2023, kampuni ileile ya Fallout 4 ilimrudisha mhusika mkuu kwenye ukimya.

dada_wa_Normandy
Pole, lakini sauti isibebeshwe lawama zote. Nimecheza gemu za Mass Effect zote tatu ambazo mhusika mkuu ni Shepard, kwa sauti ya mwigizaji Jennifer Hale, na kuna sehemu nimelia sababu ya vile alivyotamka jina la mtu. Maandishi hayangenitoa machozi hayo.

Ila tofauti ni hii. Geralt ni mtu wa vitabu, alikuwa na tabia zake kabla hujashika kidude. Shepard naye ni mwanajeshi, jina la ukoo amepewa, cheo amepewa. Wewe umeniambia nijichagulie jina na jinsia, halafu unanivalisha sauti ya binamu yako. Amua kwanza: hadithi ni ya nani?

mtoto_wa_Likoni
Mimi niseme la kwetu. Kwa gemu za Kizungu, sauti zote kwangu ni za kigeni, kwa hivyo sijali sana. Kwa Kiswahili haiwezekani. Mtu akifungua mdomo tu ushajua katoka wapi, kasomea wapi, na mama yake humwita nani akiwa nyumbani. Binamu yako akisema "sipendangi hiyo" mimi wa Likoni nishatoka kwenye gemu, huyo ni mtu wa Nairobi na mimi namtazama tu. Na nikirekodi mimi, watu wa Kayole watadhani bodaboda ameletwa na meli.

Ukiliandika neno, kila mtu atalisoma kwa lafudhi yake. Hata wale wanaoshrabu, yaani matamshi ya lugha ya mama yakiwatoka, watajisikia wako nyumbani.

asiye_na_bando
Hebu tupige hesabu. Sentensi 1,900 kwa sekunde nne nne ni kama dakika 127. Ukibana sauti hadi kilobiti 64 kwa sekunde, dakika moja inakula karibu nusu megabaiti. Hiyo ni MB 60 na kitu, mara mbili kwa sababu ya mwanamume na mwanamke. Maandishi yenyewe hayafiki hata megabaiti moja. Nani atapakua hiyo kwa bando ya siku?

Na siku utakayobadilisha neno moja kwenye hadithi, unarudi kabatini na binamu. Akiwa na mafua?

Mzizima_mchezaji
Mkuu, salamu kutoka Dar. Umesahau utajiri ulio nao. Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. "Amefika", "nimemwona", "mwambie aje", zote zinamtosha yeyote. Kwa maandishi, sentensi zako 1,900 zinatumika kwa wote wawili bila kugusa kitu. Ukiweka sauti tu, kazi inakuwa mara mbili.

Pa kuwa mwangalifu ni kwa wanaomwita: kaka, dada, shangazi. Na "shikamoo" inataja umri wa mtu kabla hajajitambulisha.

kamau_wa_usiku_mrefu
Funga dirisha kwanza.

dada_wa_Normandy
Wazo lingine. Kwa gemu ya Baldur's Gate 3 mhusika uliyejitengenezea yuko kimya kwenye mazungumzo, anatoa maneno mafupi tu akitembea ama akipigana. Anayekupeleka ni msimulizi, Amelia Tyler. Kwa Disco Elysium, toleo la 2021, sauti zilizo kichwani mwa mpelelezi ndizo zinazoongea, zikisomwa na Lenval Brown, lakini majibu ya mpelelezi unayasoma mwenyewe. Usimfukuze binamu. Mpe kazi nyingine.

fundi_wa_Roysambu
Asanteni. Nimerudi na ripoti.

Jumamosi nilizima sauti ya mhusika mkuu nikampa simu mdogo wangu, yuko kidato cha pili. Sikumwambia chochote. Alianza kusoma majibu kwa sauti, kwa mzaha, akiigiza mzee. Baadaye mzaha ukaisha lakini hakuacha kusoma. Alipofika kwa "Ndugu yangu hajarudi" aliitamka polepole, akaniangalia, akaendelea. Nilijifanya natafuta chaja.

Kwa hivyo bodaboda anabaki kimya, ataguna tu akiwasha pikipiki. Binamu sasa ni makanga anayesimulia hadithi kutoka mlangoni mwa matatu, na kusema kweli hapo amepatia kuliko kabatini. Amekasirikia zile sentensi 300 kwa siku mbili hivi, tumeelewana kwa nyama choma.

Honi nimezikata moja moja nikaziweka kwenye eneo la Githurai.

Kuna mtu ana kipaza sauti cha kuazima wikendi hii? Nitakirudisha.